Jumamosi nina miadi na mnasihi: nitaambiwa nini?

SWALI

Bi Mshauri, pokea salamu zangu kutoka Lanet, hapa Nakuru. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, nina umri wa miaka 41, nimeolewa na nina watoto wawili. Imepita miezi 14 tangu ndugu yangu mdogo, aliyekuwa dereva wa lori, alipofariki katika ajali kwenye barabara kuu ya Eldoret, karibu na Salgaa. Tulimzika kwetu Bungoma, nikarudi kazini baada ya wiki mbili, na watu wakanisifu kwamba nimejikaza. Tangu hapo silali vizuri. Nikiwa kwenye matatu nikasikia breki za lori, mikono hufa ganzi. Mwezi uliopita nilimfokea mtoto wa Gredi ya Tatu hadi akajikojolea, nami nikaenda kulia ofisini. Mwalimu mkuu alinipa nambari ya mnasihi wa kibinafsi aliye mjini, na nimepata miadi ya Jumamosi saa nne asubuhi, kwa shilingi 2,500. Mchungaji wetu ameniombea mara nyingi na sina shaka na maombi yake. Mama naye anasema mambo ya nyumbani huzungumziwa nyumbani. Nikifika pale nitafanywa nini? Nitaambiwa nini? Je, atayaandika maneno yangu, na mwajiri wangu anaweza kuyapata? Nitahesabiwa kuwa nina wazimu? Na hizo 2,500 nitazilipa mara ngapi?

Mwalimu, Nakuru

JIBU

Mwalimu, pole sana kwa kumpoteza ndugu yako, na pole kwa miezi hii 14 ambayo umebeba msiba huo huku ukisimama mbele ya darasa kila asubuhi kana kwamba umepona. Nitayajibu maswali yako yote, lakini nitaanza na lile fupi uliloliandika katikati, "Nitaambiwa nini?", kwa kuwa naona ndilo litakalokukwaza Jumamosi kuliko mengine.

Katika lugha yetu, kumshauri mtu ni kumwambia la kufanya. Mzee hushauri, shangazi hushauri, na nasaha ni maneno mema ya mtu anayekutakia heri. Tulipoiita huduma hii ushauri nasaha, bila kukusudia tulimwahidi mgeni kwamba ataingia, ataeleza shida yake, atapewa jawabu na kwenda zake. Nimewasikia watu wengi wakitoka kikao cha kwanza wamevunjika moyo, wakilalamika kwamba wamelipa pesa zao na hawakuambiwa lolote ila kuulizwa maswali tu. Kumbe kazi ilikuwa imeanza. Mimi hupenda kuwaambia wateja wangu wachukue kitenzi chenye mwisho mwingine, yaani kushauriana, kwa sababu kitendo hicho hakiwezi kufanywa na mtu mmoja, na kwa sababu anayejua ndugu yako alikuwa nani kwako ni wewe, si mtu uliyekutana naye Jumamosi saa nne.

Chumba chenyewe hakitakutisha. Ofisi nyingi za namna hii nilizoingia, Nakuru, Kisumu na Kakamega, ni chumba kimoja cha ghorofani juu ya maduka, kisicho na kitanda cha mgonjwa wala koti jeupe. Utakuta viti viwili vilivyowekwa mshazari badala ya kuelekezana kama vya mahojiano ya kazi, ili uweze kumtazama mwenzako unapotaka na kutazama dirishani unapochoka kutazamwa. Mezani patakuwa na maji na pakiti ya tishu. Saa ya ukutani mara nyingi hutundikwa nyuma ya kiti cha mteja, mahali ambapo mnasihi huiona bila kugeuza shingo, kwa kuwa kikao kwa kawaida ni cha dakika 50 na kuuchunga wakati huo ni kazi yake.

Kabla hujaeleza lolote atakupa karatasi ya ridhaa, au atakueleza kwa mdomo yale ambayo yangekuwa kwenye karatasi hiyo: ada ni kiasi gani, ukishindwa kufika utoe taarifa mapema kiasi gani, siri yako italindwa vipi na ni wakati gani haitaweza kulindwa. Isome yote, hata kama aibu ya kumkalisha mtu akikungoja itakusukuma utie sahihi upesi. Kisha atakuuliza mambo ambayo baadhi yataonekana hayahusiani na ajali: unaishi na nani, unalala saa ngapi, unatumia dawa gani, unakunywa pombe au la, ulilelewa wapi, mmewahi kufiwa na nani mwingine. Swali la ndoa huenda likaja pia, na una uhuru wa kusema kwamba hilo hutaki kuliingilia leo.

Huenda akakupa fomu yenye maswali 9 kuhusu wiki mbili zilizopita, inayouliza habari za usingizi, hamu ya kula, uchovu na kukata tamaa. Kila jibu lina alama kuanzia 0 hadi 3, kwa hivyo jumla haizidi 27. Mwalimu yeyote akiona alama hufikiria mtihani, lakini fomu hii haina kupita wala kuanguka, na alama zake peke yake hazitoshi kumpa mtu jina la ugonjwa. Humwonyesha mnasihi pa kuanzia, na mkiijaza tena baada ya wiki kadhaa mtaona pamoja kama kuna kilichosogea.

Nakuomba ulijibu kwa ukweli swali lake la 9, linalouliza kama umekuwa na mawazo kwamba ni afadhali ungekufa. Hukuyataja katika barua yako na sitakubebesha usichokisema. Najua tu kwamba watu wengi huandika 0 hapo kwa hofu, na hofu hiyo haikutoka hewani, maana kwa miaka mingi sheria yetu ilimhesabu aliyejaribu kujiua kuwa mhalifu. Mnamo Januari 2025 Mahakama Kuu ilitamka kwamba kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kilicholifanya jaribio hilo kuwa kosa, kinakiuka Katiba. Kumwambia mnasihi kwamba mawazo ya kifo hukujia usiku hakujawahi kuwa kosa, wala hakutamfanya ashtuke. Atakuuliza zaidi, kwa utaratibu, ili ajue uko salama kiasi gani. Na yakikuzidi kabla ya Jumamosi, usisubiri miadi: piga 1199, nambari ya bure ya Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya, au nenda hospitali iliyo karibu.

Sasa niseme kuhusu kimya, kwa kuwa wewe ni mwalimu. Darasani, kimya baada ya swali humaanisha hakuna aliyesoma, nawe umezoea kukivunja kwa kuliuliza swali upya au kulijibu mwenyewe. Pale ofisini utaulizwa jambo, utajibu nusu, kisha mnasihi hatasema kitu. Sekunde ishirini zitapita, pengine hata dakika nzima, na utajihisi umekosea. Hujakosea. Amekuachia nafasi ili ile nusu iliyobaki ije yenyewe, na mara nyingi jambo lililomleta mtu husemwa baada ya kimya cha namna hiyo, tena kwa sauti ya chini. Ukilia, hatakukimbilia na tishu kukupangusa, kwa sababu kumpa mtu tishu haraka ni njia ya adabu ya kumwambia anyamaze. Watu wetu tunajua sana kunyamazishana matangani.

Kuhusu ajali yenyewe, hulazimiki kuisimulia siku ya kwanza. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka wa 2011 kwa wanaowasaidia watu waliopatwa na majanga unasisitiza kwamba mtu asishinikizwe kueleza yaliyompata, na mnasihi mwenye ujuzi hufuata njia hiyo. Ganzi unayoisikia mikononi breki zinapolia ni mwili unaojihami kwa sauti ambayo umeifunga pamoja na kifo cha ndugu yako. Iko siku mtaifungua habari hiyo polepole, baada ya yeye kukufundisha namna ya kuutuliza mwili kwanza, kwa mfano kwa kupumua taratibu huku ukikanyaga sakafu na kuisikia chini ya nyayo. Akikudai maelezo ya mwili na damu katika nusu saa ya kwanza, mwambie hauko tayari, na utazame atakavyolipokea neno hilo.

Ndiyo, ataandika. Baadhi huandika mbele ya mteja, wengine husubiri aondoke, na ukitaka kujua anaandika nini, muulize. Habari za afya ya mtu zimo katika zile ambazo Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inazihesabu kuwa nyeti, na sheria hiyo inakupa haki ya kuziona zinazokuhusu. Mwajiri wako hana ruhusa ya kupiga simu na kusomewa faili, awe ni mwalimu mkuu aliyekupa nambari au Tume ya Huduma kwa Walimu yenyewe. Kuna tofauti moja inayowapita wengi: ukilipa kwa bima, kampuni huenda ikataka kujua aina ya tatizo kabla ya kulipa, kwa hivyo uulize mapema ni maelezo gani yatakayotumwa. Ukilipa kutoka mfukoni, hakuna mwingine anayehitaji kujua kwamba ulifika.

Siri hiyo ina mipaka, na mnasihi asiyekutajia mipaka yake hajakutendea haki. Ikiwa maisha yako yako hatarini, ikiwa unakusudia kumdhuru mtu mwingine, ikiwa kuna mtoto anayedhulumiwa, au ikiwa mahakama imeamuru, anaweza kulazimika kusema, tena yale tu yanayohitajika na, inapowezekana, baada ya kukuarifu. Kumfokea mtoto wa Gredi ya Tatu si jambo la kukufanya uogope mipaka hiyo. Lieleze kama ulivyonieleza mimi. Naona ndilo lililokufikisha kwenye miadi, na sidhani kama ungeenda kwa sababu ya usingizi peke yake.

Hesabu ya pesa inakuumiza, naelewa. Vikao vinane kwa 2,500 ni shilingi 20,000, na mshahara wa mwalimu una majina mengi ya kuitwa kabla ya hilo. Siwezi kukutajia idadi bila kukuona, ila tatizo linalojulikana, kama la usingizi na hofu ya barabarani, mara nyingi hufanyiwa kazi kwa vikao kati ya 6 na 12, kimoja kwa wiki mwanzoni, kisha kimoja kila baada ya wiki mbili. Mwambie mnasihi tangu siku ya kwanza kiasi unachokimudu. Wengi wana ada ya chini kwa asiyejiweza, lakini hawaitangazi, na ni afadhali vikao vinne vilivyopangwa mkijua ni vinne kuliko kupotea baada ya cha tatu kwa aibu ya kukosa pesa. Hospitali za rufaa za kaunti, ikiwemo ya Nakuru, nazo zina huduma za afya ya akili kwa gharama ya chini, ingawa foleni ni ndefu na faragha ni haba.

Muulize pia alisomea wapi na amesajiliwa na nani. Sheria ya Wanasihi na Wanasaikolojia ya mwaka wa 2014 iliunda bodi ya kuwasajili wanaofanya kazi hii, na aliyehitimu haoni vibaya kuulizwa cheti. Ajue pia lini atakupeleka kwa mwingine: mnasihi haandiki dawa, na akiona unahitaji dawa za kukusaidia kulala au kuinua moyo, anapaswa kukupa rufaa kwa daktari wa magonjwa ya akili.

Nikueleze na langu. Mama yangu alipofariki, mimi mwenyewe, baada ya miaka mingi ya kukaa kwenye kiti cha mnasihi, nilienda kukaa kwenye kiti cha mteja. Niliyemwendea alipokea simu mara mbili katika kikao cha kwanza, na katika cha tatu akaniambia kwamba Mkristo haombolezi muda mrefu hivyo. Sikurudi. Nilikaa miezi mitano nikiamini kwamba huduma yenyewe ndiyo isiyofaa, kumbe aliyenishinda ni mtu mmoja, na wa pili niliyemwendea alinisikiliza dakika 50 bila simu yake kuonekana popote. Ukiona Jumamosi mambo hayakwendi, mpe nafasi ya kikao cha pili na umwambie waziwazi kilichokukera. Akikidharau, tafuta mwingine, na usilihesabu kosa hilo kuwa lako.

Wazimu hauna. Katika orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani iliyoanza kutumika Januari 2022, majonzi makali yasiyotulia kwa zaidi ya miezi 6 na yanayomzuia mtu kuendesha maisha yake yana nafasi yake, kwa sharti kwamba mila za jamii kuhusu muda wa kuomboleza zizingatiwe. Sisemi kwamba hilo ndilo lako, kwa maana jina la namna hiyo hutolewa na aliyekuona, si na anayekuandikia gazetini. Nasema tu kwamba unachokipitia kinajulikana na kimewapata wengi.

Mama yako hajakosea kabisa. Kwenu Bungoma, mzee wa heshima anapozikwa, huja msemi wa kumuse akatembea mbele ya waombolezaji na kunena kuhusu maisha na kifo na jinsi jamaa wanavyopaswa kuishi baada ya msiba, na watu humsikiliza kwa utulivu mkubwa. Lakini kumuse ni ya wazee walioshiba siku. Kijana aliyefia barabarani akiwa kwenye usukani hazungumziwi hivyo. Huzikwa haraka, na wanaobaki hurudi kazini baada ya wiki mbili wakisifiwa kwa kujikaza. Kwa hivyo ukimjibu mama, mwambie kwa upole kwamba nyumbani hayakupata kuzungumzwa, na kwamba unakwenda mahali ambapo yatazungumzwa. Maombi ya mchungaji hayapingani na hilo, na ukipenda mwombe aendelee.

Jambo la mwisho ni saa ile ya baada ya kikao. Wengi hutarajia wepesi na badala yake huchoka, huumwa na kichwa, na usiku huo huota ndoto nyingi. Ni kawaida, na hupungua. Usipange kwenda moja kwa moja kwenye kikao cha harambee au kusahihisha madaftari. Usipande matatu papo hapo pia, maana barabara ya Lanet ina malori. Tembea kidogo, unywe chai mahali ambapo hakuna anayekufahamu, uandike mistari mitatu ya uliyoyakumbuka, kisha ndipo urudi nyumbani.

SWALI

Bi Mshauri, mke wangu amekuwa akimwona mnasihi hapa Kisumu, mtaa wa Milimani, kwa miezi miwili. Mimi ndiye ninayemtumia pesa za kikao kwa simu. Akirudi nyumbani haniambii walichozungumza, na nikimwuliza husema ni mambo yake. Je, ninaweza kumpigia huyo mnasihi niulize anaendeleaje?

Baba Watoto, Kisumu

JIBU

Ndugu yangu, unaweza kupiga, lakini mnasihi anayeijua kazi yake hatakuambia kitu. Hata kukiri kwamba mkeo ni mteja wake hataweza bila ruhusa ya mke mwenyewe, na kulipa hakubadilishi hilo. Ungemlipia ada ya hospitali kwa tatizo la tumbo usingemwomba daktari faili lake, ingawa naelewa kwamba hili linakugusa zaidi, kwa sababu pengine unajiuliza kama wewe ndiwe unayezungumziwa.

Huenda unazungumziwa, na huenda hutajwi kabisa. Wanaoanza unasihi kwa ajili ya ndoa huishia mara nyingi wakizungumza kuhusu baba zao. Vyovyote iwavyo, kinachomwezesha kusema ukweli pale ni kujua kwamba hautamtangulia nyumbani. Ukitaka nanyi mwe na vikao vya pamoja, mwambie yeye kwanza, na msishangae mnasihi wake akiwaelekeza kwa mwingine, kwa kuwa aliyemsikiliza mmoja kwa miezi miwili ni vigumu kuketi katikati ya wawili.

Usimwulize mlangoni wamezungumza nini. Mwulize kama amekula. Siku ya kikao, wachukue watoto mwende nao ziwani au kwa bibi yao hadi jioni, na ukiona anataka kusema, zima runinga.